Orrin Tveit, Aliyemwita Mama wa Janelle Hewani

Mchungaji, washarika wa Sayuni, ndugu zetu mliotoka mbali, na ninyi majirani wa Nordby ambao mmeacha magari yenu yakinguruma huko nje ili yasigande, kwa niaba ya mama yangu, Lavonne Tveit, na kaka yangu Nels, nasimama kuwasomea maisha ya baba yetu, Orrin Emil Tveit. Mimi ni Signe, mtoto wake wa pili na wa mwisho. Tarehe nitakazosoma nimezihakiki kwa Mama, na zile ambazo Mama hakuwa na hakika nazo nimeziuliza kwenye ofisi ya kaunti, kwa hiyo mtu akiona nimekosea naomba aniambie kule chini kwenye kahawa, si sasa, kwa sababu nikikatizwa sijui kama nitaweza kuendelea.

Jumatano jioni mwenyekiti wa bodi ya shule, Bwana Verlyn Aasgaard, alikuja nyumbani kwetu na bakuli la viazi na nyama alilopika mkewe, akatuambia kwamba bodi imeagiza kibao cha shaba, kwamba kibanda cha watangazaji pale kwenye ukumbi wa michezo kitaitwa kwa jina la Baba, na kwamba kibao hicho kitafunuliwa hapa kanisani leo, mara tu historia hii itakapokwisha kusomwa. Kisha akaomba, kwa upole kabisa, historia iwe fupi na iwe safi, maana yake nisiguse habari za tarehe 28 Februari 2017. Mama alimshukuru kwa chakula. Kibao ni kile pale kwenye meza ndogo, chini ya kitambaa cha kijani, na familia imeombwa itoe jibu kabla hakijafunuliwa. Jibu lipo, na nitalitoa mwishoni, kwa kuwa Baba hakuwahi kutangaza matokeo kabla mchezo haujachezwa.

Leo asubuhi garini Mama aliniambia, "Soma yote, Signe, lakini mtu asiyekuwemo kanisani usimtaje jina, maana hataweza kukujibu." Kwa sababu hiyo wapo watu wawili katika maisha ya Baba, kocha mmoja aliyehama mji huu na meneja mmoja wa redio aliyestaafu akaenda kwenye jua la kusini, ambao nitawataja kwa kazi zao tu, ingawa ninyi nyote mnawajua na baadhi yenu bado mnawaandikia kadi za Krismasi.

Orrin alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya shambani maili sita kaskazini ya mji huu, akiwa mtoto wa tatu wa Emil na Gudrun Tveit, katika juma ambalo theluji ilikuwa imefunga barabara na daktari hakuweza kufika, hivyo akapokelewa na bibi yake mzaa baba, ambaye alikuwa amepokea ndama wengi na watoto wachache. Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 15 Aprili mwaka huohuo. Redio ya nyumbani kwao ilikuwa jikoni, na babu yetu Emil jioni alikuwa zizini akikamua, kwa hiyo tangu akiwa mdogo kazi ya Baba ilikuwa kusikiliza mchezo jikoni, kukimbia hadi zizini, kuueleza, na kukimbia tena kurudi. Babu hakuridhika na pointi. Alitaka kujua nani kafunga, na akiambiwa jina aliuliza, "Mtoto wa nani?" na kama Orrin hajui, alirudishwa jikoni akasikilize vizuri zaidi. Baba alisema kwamba utangazaji wote alijifunza kati ya mlango wa jikoni na mlango wa zizi, na mengine yote yalikuwa nyaya tu.

Alisoma shule ya msingi ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na daraja, kisha sekondari ya Nordby, akahitimu tarehe 23 Mei 1969. Alichezea timu ya mpira wa kikapu kwa miaka minne, au kwa maneno yake mwenyewe alikaa na timu ya mpira wa kikapu kwa miaka minne, kwa kuwa alikuwa mfupi na hakuona mbali bila miwani, na kutoka benchi aliwajua wachezaji wote kuliko waliokuwa wakicheza nao. Mwaka 1970 aliitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani kwenye kikosi cha mawasiliano, akarudi Februari 1972, na tarehe 1 Aprili mwaka huo akaanza kazi kwenye maghala ya nafaka ya ushirika, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013. Nawaomba mkumbuke maghala hayo na vumbi lake, kwa sababu tutakutana nalo tena.

Redioni aliingia kwa bahati mbaya ya mtu mwingine. Jioni ya tarehe 30 Novemba 1979 mtangazaji wa kawaida alikwama kwenye theluji, meneja akaulizia ukumbini nani anayewajua wasichana wanaocheza, na watu wakamwonyesha Orrin Tveit. Alitangaza vizuri, isipokuwa kosa moja, na kosa lenyewe likamletea mke. Alisema msichana aliyefunga pointi nyingi ni binti wa Alvin Skaar, na asubuhi yake simu ikalia ofisini kwa ushirika, na sauti ya mwanamke kijana ikamwambia, "Bwana, yule ni mdogo wangu, ni mtoto wa Arne Skaar, na Alvin hajazaa mtu anayeweza kurusha namna ile." Baba aliomba msamaha hewani jioni ileile, akaenda kuuomba tena nyumbani kwa Arne Jumapili, akarudi kuuomba tena Jumapili iliyofuata, mpaka Arne akamuuliza kama atakuwa anakosea hivyo maisha yake yote. Yeye na mwenye sauti ile, Lavonne, walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Juni 1980. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nels aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1985, na mimi niliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1999, wakati Mama alikuwa amekwisha kugawa kitanda cha mtoto.

Tangu kosa lile alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha kwa misimu thelathini na minane. Kabla ya kila mchezo, akitoka ghalani, hata kabla ya kuoga, aliwapigia simu akina mama wa timu ngeni, mmoja baada ya mwingine, akawauliza jina la mtoto linatamkwaje, baba yake ni nani, mama yake ametoka kwa nani, na kama kuna bibi aliye kitandani anayesikiliza. Kwa hiyo mtoto wa Ravensby au wa mji wowote aliyekuja kucheza hapa alisikia akitangazwa kama mtoto wa watu, si kama namba mgongoni. Na mtoto alipokosa, hakusema amekosa. Alisema, "Mpira umekataa." Mtoto alipokosa tena alisema mpira umekataa tena, na hakuna mtu katika kaunti hii aliyewahi kulala akilia kwa jambo alilosema Orrin Tveit juu yake. Mchezo ulipokwisha alisoma matokeo, akasema, "Lavonne, weka kahawa motoni, tunakuja," na nyumba nyingi za mji huu zilikuwa zikiweka birika motoni wakati huohuo, kwa kuwa mlijua wenu nao wako njiani.

Asubuhi, kabla ya kwenda ghalani, alipita redioni kusoma matangazo ya vifo. Aliwasomea wazazi wenu. Aliwapigia ninyi simu kwanza, kama alivyowapigia akina mama wa wachezaji, ili kuhakikisha marehemu alikuwa mtoto wa nani.

Sasa nafika tarehe 28 Februari 2017, siku ya Jumanne, fainali ya kanda ya wasichana, Nordby na Ravensby, katika ukumbi wetu wenyewe, na mshindi alikuwa aende kwenye mashindano ya jimbo, ambako Nordby haikuwa imefika tangu mimi sijazaliwa. Nilikuwa benchi, kwa sababu nafasi yangu ilikuwa ya Janelle Rasmusson, ambaye alikuwa bora kuliko mimi kwa kila kipimo, na nalisema hili waziwazi kwa kuwa baadaye yalisemwa mengine. Katika robo ya tatu Janelle aliruka chini ya rimu, akagongwa miguu angali hewani, akaangukia kisogo, na mlio wa kichwa chake kwenye mbao ulitufikia benchi. Walimkalisha na barafu shingoni. Kocha alimwonyesha vidole, akamuuliza ni vingapi, akajibu sawa. Kisha Janelle akanigeukia akaniuliza kama Ravensby wameshafika, na Ravensby walikuwa wanakimbia mbele yetu. Nilimwambia kocha. Aliniambia nikae.

Mwanzoni mwa robo ya nne alimrudisha uwanjani. Kutoka kibandani Baba alimwona amesimama ameupa mchezo mgongo, akicheka peke yake, mpira ukampita karibu na sikio wala asigeuze kichwa. Mchezo uliposimama kidogo Baba alivua vipokea sauti, akashuka ngazi, akaja hadi kwenye benchi letu. Tangu siku ile wengi mmesema, dukani, kwenye mnada wa ng'ombe, hata katika chumba cha chini cha kanisa hili, kwamba angemwambia kocha kando, kiungwana, badala ya kwenda kusema redioni. Alimwambia kando. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwa kocha, na hakuna mtu katika miaka saba aliyeniuliza nilisikia nini, kwa hiyo leo nawaambia bila kuulizwa. Baba alisema, "Mtoto huyu hayupo hapa. Mtoe." Kocha akasema, "Rudi kwenye kiti chako, Orrin. Wewe tangaza."

Baba alirudi kwenye kiti chake, akatangaza.

Alisema, "Bev Rasmusson, kama unanisikia huko kwenye nguo, njoo umchukue Janelle. Ameumia kichwa na wamemrudisha uwanjani. Njoo sasa hivi, Bev, usingoje kuvua aproni." Kisha akaendelea na mchezo, mpira uko kwa nani, mtoto wa nani.

Bev Rasmusson alikuwa zamu katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, ng'ambo ya barabara kutoka shuleni, na redio ilikuwa kwenye rafu ya sabuni. Alivuka theluji na viatu vya ndani, akaingia ukumbini na aproni yake, akapita katikati ya uwanja mpira ukiwa unachezwa, refa akapuliza filimbi, naye akamshika binti yake mkono akatoka naye. Wapo mliosimama kumpisha, na Mama ananiomba nilitaje hilo. Wapo pia mliozomea. Mama mtu anamtoa mtoto wake aliyeumia, na watu wazima wa Nordby, washarika, wenye watoto, mkamzomea, kwa sababu ubao ulisema tunaongoza arobaini na moja kwa thelathini na tisa.

Kocha aliniingiza mimi. Ravensby walitupita. Mwishoni kabisa, tukiwa nyuma kwa pointi moja, nilichezewa vibaya nikapewa mitupo miwili huru. Kanda ya jioni ile ipo nyumbani, na mtu akitaka kujua Baba alikuwa mtu wa namna gani aje asikilize sehemu hiyo, kwa sababu sauti yake haibadiliki hata kidogo. "Signe Tveit mstarini, mtoto wa Lavonne. Mpira umekataa. Wa pili. Umekataa. Ravensby arobaini na sita, Nordby arobaini na tano. Lavonne, weka kahawa motoni, tunakuja."

Usiku huo madaktari wa hospitali ya mjini walimkuta Janelle damu inavuja ndani ya fuvu, na mmoja wao akamwambia Bev kwamba kishindo kingine kidogo tu kingetosha. Hilo lilijulikana Nordby kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaamini kwamba likishajulikana watu watakuja mlangoni kwetu. Hamkuja. Mlikwenda dukani mkasema kwamba Orrin alimtoa Janelle ili binti yake aingie. Mama alikuwa mpishi wa shule, na mtu mmoja mwenye heshima zake alimwambia kwenye foleni ya mkate, watu wakisikia, "Lavonne, mumeo angeniomba tu, ningemwambia kocha ampange mtoto wenu," na watu wakacheka. Msimu uliofuata, kila niliposimama mstarini, wanafunzi wa upande wetu, si wa wageni, waliimba kwa pamoja, "Mwite baba, Signe, mwite baba," na wazazi wao wakiwa wameketi nyuma yao wakitazama mbele. Mama aliendelea kuwapakulia watoto hao chakula cha mchana mpaka alipostaafu, na hakumpunguzia hata mmoja.

Bwana Aasgaard, uko hapa, kwa hiyo nakutaja. Kampuni yako ya matrekta ndiyo iliyokuwa ikidhamini matangazo ya mchezo. Ulikuja kwetu Machi mwaka ule, ukasimama kwenye kizingiti ukiwa na kofia kichwani, ukamwambia Baba, "Kazi yako ni kutuambia pointi ngapi." Baba alikujibu kwamba baba yake angemrudisha jikoni kwa habari ya namna hiyo. Hukuelewa, na leo umeelewa, kwa kuwa nimeisoma habari ya zizi. Udhamini ukaondolewa, na Septemba 2017 meneja wa redio, ambaye alisimama na Baba siku ya harusi yake, alimjulisha kwa simu kwamba ratiba imebadilika. Misimu thelathini na minane ikaisha kwa simu iliyopokelewa na Mama mikono ikiwa na unga.

Aprili 2017, kabla hajaondolewa, Baba alisimama mbele ya bodi ya shule akaomba jambo moja, kwamba kila mchezo muuguzi akae benchi, na akisema mtoto huyu atoke, mtoto atoke, kocha apende asipende. Bodi ikasema italitafakari. Aliomba tena mwaka uliofuata, na uliofuata, na mara ya mwisho alisimama akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi sentensi nzima, na bodi ikasema inaendelea kulitafakari.

Hakuacha kwenda kwenye michezo. Alikaa safu ya juu kabisa pamoja na Lowell Brekke, ambaye sukari ilikuwa imemnyima macho, akamtangazia sikioni kwa sauti ya chini, nani ana mpira, mtoto wa nani. Na ninyi mliokuwa safu za mbele yao mlikuwa mkiegemea nyuma. Niliwaona. Mlikuwa mmemwondoa kwenye redio zenu, mkaletewa sauti za watu wa mbali wanaosoma majina ya watoto wenu kama wanasoma orodha ya vipuri, kisha mkawa mnamwibia Lowell mchezo wake huku mmegeuza nyuso ili msilazimike kumsalimu aliyekuwa akiutangaza.

Tarehe 6 Oktoba 2020 aliambiwa kwamba mapafu yake yamekauka kwa vumbi la nafaka, na kwamba hayatarudi. Alitumia mtungi wa oksijeni tangu mwaka uliofuata. Msimu wa mwaka jana ngazi za ukumbini zilimshinda, ndipo mambo yakageuka, Lowell akawa anakwenda mchezoni na mpwa wake, akisikiliza, kisha Jumamosi anakuja kuketi kando ya kitanda, na mtu asiyeona akamtangazia Baba mchezo wote. Baba alimuuliza kila mara, mtoto wa nani. Siku moja Lowell alimjibu, "Orrin, mimi nasikia viatu tu. Ni yule wa viatu vinavyolia kama bata." Baba alicheka mpaka Mama akaja kuongeza oksijeni, akamfukuza Lowell, Lowell akakataa kuondoka kabla ya robo ya nne.

Katika miezi hiyo nilimuuliza Baba mara moja tu kama ana hasira nanyi. Alisema mpira ulikataa. Nimejaribu kuyasema maneno hayo tangu Jumanne, nikiendesha gari, nikikunja nguo zake, na siwezi. Mpira hauna macho wala hauna mtoto. Ninyi si mpira. Mlijua, na mlichagua, na mkaendelea kuchagua kila Ijumaa kwa miaka saba, na nadhani baadhi yenu mmekuja leo mkitumaini kwamba kibao cha shaba kitawaondolea jambo hilo kabla ya chakula.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Januari 2024, Mama akiwa amemshika mkono na Nels akiwa njiani. Asubuhi iliyofuata Mama aliwasha redio ya jikoni saa ya matangazo ya vifo, akaketi mbele yake amefunga mikono. Nilijua kwamba matangazo hayo yalifutwa redio ilipouzwa, naye alijua, lakini aliketi. Ulipigwa wimbo, ukafuata wimbo mwingine. Mtu aliyewasomea wafu wenu tangu wazazi wangu wakiwa wachumba hakusomwa na mtu, na habari ziliwafikia kwa simu za jirani kwa jirani. Ndiyo maana nasoma polepole, ili mahali pamoja angalau asomwe inavyostahili. Orrin Emil Tveit, miaka sabini na miwili, mtoto wa Emil na Gudrun, mume wa Lavonne binti wa Arne Skaar.

Familia inawashukuru madaktari wa mapafu waliomwambia ukweli bila kumzungusha. Tunawashukuru wauguzi watatu wa nyumba ya wazee waliokuja kwetu kwa zamu baada ya kazi zao kumwosha na kumgeuza. Tunamshukuru Lowell Brekke. Tunamshukuru Bev Rasmusson, aliyefua shuka za Baba nyumbani kwake kwa mwaka mzima na kuzirudisha zimepigwa pasi, jambo ambalo Mama alimwambia si lazima na Bev hakumsikiliza. Yuko hapa na Janelle, ambaye amevaa miwani ya giza kwa sababu taa bado zinamuumiza, na mdogo aliyepiga kelele wakati wa sala ni mtoto wa Janelle, msimkodolee macho. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ushirika waliobeba jeneza, na waliokaa makaburini tangu Alhamisi wakiyeyusha udongo kwa moto ili kaburi lichimbike katika baridi hii. Tunawashukuru akina mama wa usharika kwa mikate ya nyama na lefse, zile chapati za viazi, zinazotungoja chini, na wale mliosimama kumpisha Bev jioni ile, hamkuwa wengi, lakini Baba aliwajua kwa majina na alijua ni watoto wa nani.

Sasa jibu kuhusu kibao. Kimeandikwa "Sauti ya Nordby." Mama hana neno na maandishi. Anasema kitafunuliwa siku ambayo muuguzi ataketi kwenye lile benchi akiwa na uwezo wa kumtoa mtoto bila kumwomba kocha ruhusa, na kwamba mpaka siku hiyo kitakaa kwetu gereji, karibu na sepetu za theluji, ambako hakitamsumbua mtu. Bwana Aasgaard, Ijumaa tarehe 19 wasichana wanacheza nyumbani. Wauguzi niliowataja walikuja jikoni kwetu jana, wakasema watapokezana wenyewe, kwa hiyo hamna tena cha kutafakari isipokuwa neno moja la bodi, na wajumbe wote watano nawaona mmeketi safu moja. Mama atakuwa pale Ijumaa. Atatazama benchi kabla hajavua koti, na akiona alichokwenda kukiona ataketi, na asipokiona atarudi nyumbani, nami nitakuwa naendesha gari.

Baba, mchezo umekwisha, na hakuna anayekuzuia kusema. Usiku mwema, mtoto wa Emil na Gudrun. Pumua sasa, polepole, kadiri unavyotaka. Lavonne ameshaweka kahawa motoni.